Sahihi Iliyobaki Nyumbani: Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Kutambuliwa Kama Mhandisi Ughaibuni

Mhandisi akivuka mpaka huvuka na ujuzi wake wote. Hesabu za mihimili hazibadiliki uwanja wa ndege, na zege haliulizi limemwagwa na raia wa wapi. Kinachobaki nyuma ni sahihi. Jana Dar es Salaam ulisaini mchoro na watu wakajenga kwa kuuamini. Leo ugenini mchoro huohuo, kwa hesabu zilezile, lazima usainiwe na mtu mwingine.

Mimi ni mhandisi ujenzi. Nilizaliwa Tanga, nikasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nikafanya kazi za barabara na madaraja madogo kabla ya kwenda Muscat, na baadaye Ontario, Kanada, ninakoishi sasa nikiwa na leseni yangu. Njiani nimeona wenzangu wenye vichwa vikali wakizeeka kwenye meza za uchoraji. Uwezo walikuwa nao, walichokosa ni ushahidi wake. Na ushahidi huo hutengenezwa nyumbani, wakati bado uko kazini. Kwa hiyo haya nawaandikia kwanza vijana ambao bado hawajaondoka.

1. Kazi ni jambo moja, sahihi ni jambo jingine

Watu wengi huuliza, "Huko kazi zipo?" Zipo. Ofisi ya uhandisi ya Ontario inaweza kukuajiri hata kabla hujamaliza kupanga nyumba, ukapiga hesabu kutwa nzima, lakini mchoro utatoka mlangoni ukiwa na muhuri wa mwenye leseni. Usipojua tofauti hiyo mapema, unaweza kukaa miaka mingi ukidhani unapanda, kumbe uko palepale.

Kila nchi ina utaratibu wake. Uingereza, mtu yeyote anaweza kujiita mhandisi. Kinacholindwa ni cheo cha Chartered Engineer, ambacho hutolewa na taasisi zenye idhini ya Engineering Council. Marekani leseni hutolewa na majimbo, na Wyoming ndilo lililotangulia, mwaka 1907. Kanada ni mikoa, kwa hiyo hata mwenye leseni ya Ontario akitaka kusaini kazi za Alberta huomba tena, ingawa njia yake ni fupi kuliko ya mgeni. Tanzania tunayo Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, na bila usajili huruhusiwi kufanya kazi za uhandisi.

Swali la kujiuliza kabla ya kukata tiketi ni hili: kazi ninayoitaka inahitaji leseni? Si kila mtu anaihitaji. Ontario, mhandisi mitambo anayeshughulikia mashine za mwajiri wake kiwandani anaweza kufanya kazi hiyo bila leseni, maana sheria imemwachia nafasi. Mtu wa programu za kompyuta mara nyingi hata haulizwi. Lakini sisi wa majengo, madaraja, maji na umeme mkubwa, bila leseni tunabaki wasaidizi.

2. Shahada yako inapimwa kwa makubaliano ambayo hukuwamo

Mwaka 1989 vyombo vya uhandisi vya Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand vilikubaliana kwamba shahada iliyoidhinishwa na kimojawapo itahesabiwa na vingine kuwa inalingana na za kwao. Makubaliano hayo huitwa Washington Accord. Nchi nyingine zimejiunga baadaye, na ya kwanza kutoka Afrika ilikuwa Afrika Kusini, mwaka 1999. Nilipohitimu Tanzania haikuwamo, na nilipoomba leseni haikuwamo.

Maana yake niliiona kwa macho. Ofisini kwetu alikuwapo kijana wa Afrika Kusini. Kwenye hatua ya elimu yeye alipita kwa cheti. Mimi niliambiwa nilete taarifa ya matokeo, ipelekwe na chuo chenyewe ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri, pamoja na maelezo ya kila somo: mada zilizofundishwa, saa za darasani, saa za maabara, vitabu vilivyotumika. Si jina la somo tu. Mitambo ya maji, udongo, miundo ya chuma, takwimu, kila kimoja na karatasi yake. Asiye na karatasi hizo anaweza kupangiwa mitihani ya masomo aliyoyafaulu miaka mingi iliyopita.

Hili si la mhitimu mmojammoja kulibeba. Ni la vyuo, bodi na wizara kukaa pamoja na kuifikisha elimu yetu kwenye meza hiyo. Hadi hapo, mhitimu wa leo na achukue maelezo ya masomo yake siku anayochukua cheti, ayahifadhi. Mitaala hubadilishwa, na ile ya zamani huwa kazi kubwa kuitafuta.

3. Mali bila daftari hupotea bila habari

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Tangu mwaka 2003 Tanzania ina mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu, unaojulikana kwa kifupi chake, SEAP. Mhitimu hukaa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, akiandika kila anachofanya. Vijana wengi huona uandishi huo ni mzigo wa kuiridhisha Bodi. Mimi nasema daftari lile ndilo lililonivusha.

Ukurasa mmoja wake uko mbele yangu sasa. Una doa la maji na alama ya kidole chenye saruji. Ni siku ya kumwaga zege kwenye kalavati la boksi, barabara ya changarawe, mkoa wa Tanga. Nimeandika kwamba lori la kwanza slampu ilikuwa milimita 75, tukaendelea. Lori la pili ilikuwa 160. Dereva alikuwa ameongeza maji njiani ili zege lisimgandie. Nikalikataa. Chini nimeandika aliyekuwapo, saa ngapi, na jibu la mkandarasi. Kwenye ukurasa unaofuata kuna matokeo ya michemraba: siku ya 7, siku ya 28, na wastani wa 31 kwa zege la daraja la 25. Pembeni, sahihi ya msimamizi wangu na namba yake ya usajili.

Miaka ilipita. Siku naombwa nieleze tukio ambalo nilitumia uamuzi wangu wa kihandisi kulinda usalama huku kuna shinikizo la muda na fedha, sikuhitaji kubuni wala kukumbuka kwa shida. Nilifungua ukurasa ule.

Sasa tazama miradi mikubwa tuliyoiona nchini: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, reli ya kisasa, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 juu ya Ghuba ya Mwanza. Ndani yake wamo mamia ya vijana wetu, na wamegusa kazi ambazo mhandisi wa Ontario anaweza kustaafu bila kuziona. Lakini mkandarasi mkubwa aliyetoka nje, kazi ikiisha, hukunja kambi na kuondoka na makabrasha yake, na meneja aliyekujua kwa jina huhamia mradi wa bara jingine. Barua ya uthibitisho iombwe kambi ikiwa bado imesimama. Iwe kwenye karatasi yenye anuani ya kampuni, itaje cheo chako, tarehe ya kuanza na kumaliza, na ulichofanya wewe hasa. Barua inayosema tu kwamba ulikuwa mchapakazi na mwenye nidhamu haitakufikisha mbali.

4. Anayekujua lazima apatikane kwenye simu

Ontario na mikoa mingine ya Kanada hutumia upimaji wa umahiri. Mwombaji huandika mwenyewe juu ya kazi zake, kisha watu waliosimamia kazi hizo husoma, huthibitisha na kutoa alama. Kama wote wamestaafu, wamebadili namba au wametangulia mbele ya haki, maombi yako yamekwama.

Msimamizi wangu wa zamani amestaafu, analima Korogwe. Nilimpigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko kwenye baridi?"

Nikamweleza ninachohitaji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitumie ulichoandika nikisome chote. Siwezi kuthibitisha nisichokiona."

Alisoma chote kwenye simu ya mjukuu wake. Sehemu moja aliweka alama pungufu kuliko niliyojipa, akaandika sababu: usanifu ule ulipitiwa na mhandisi mshauri kabla ya kujengwa. Nilimshukuru siku ile na namshukuru mpaka leo, kwa sababu uthibitisho wa mtu anayepima kwa haki hubeba uzito ambao sifa tupu haziwezi kubeba. Kwa hiyo sikukuu zikifika, wapigie simu waliokufundisha kazi. Adabu hiyo tumelelewa nayo, na ugenini ndiyo iliyonipa shahidi.

5. "Tulijenga" haitoshi

Upimaji huo wa umahiri una vipengele 34 katika makundi 7: ujuzi wa kiufundi, mawasiliano, usimamizi wa miradi na fedha, kufanya kazi na wengine, uwajibikaji wa kitaaluma, athari kwa jamii, na kujiendeleza. Kwa kila kipengele unaeleza hali ilivyokuwa, ulichofanya, na matokeo yake. Australia, kwa wenye shahada zisizo kwenye Washington Accord, hutaka masimulizi matatu ya kazi, na wanasisitiza jambo lilelile: mtu wa kwanza, umoja.

Sisi tumefunzwa kutojitanguliza. Tulichimba, tulimwaga, tulikabidhi. Anayesoma maombi yako hawezi kujua katika hiyo "tu-" wewe uko wapi. Nimesaidia wenzangu kadhaa kuandika, na kazi kubwa huwa ni kumuuliza mtu kila mstari: nani alichagua kina cha msingi? Nani alipiga hesabu ya nondo? Nani alimwambia mteja hapana? Mara nyingi jibu ni yeye, na hakuwa ameliandika. Kutaja kazi uliyoifanya kwa mikono yako si majivuno, mradi usijitwalie ya mwenzako.

Na usinunue masimulizi yaliyoandikwa na mtu mwingine. Yanauzwa, na hao wanaopokea maombi wana namna ya kuyagundua. Ukikamatwa unapoteza zaidi ya ada.

6. Ghuba ni mlango mpana wenye masharti yake

Muscat niliishi vizuri. Ni mji ambao Mtanzania husikia Kiswahili sokoni na msikitini, kwa kuwa familia nyingi za Kiomani zina mizizi Zanzibar. Mzee mmoja jirani yetu, aliyezaliwa Malindi ya Unguja, alinichukua kama binti yake. Idi sikuila peke yangu hata mara moja. Kwa mtu aliye mbali na kwao, hilo ni jambo kubwa.

Lakini ajira ya Ghuba imefungwa kwenye viza, na viza imefungwa kwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Enzi zangu, aliyetaka kuhamia kampuni nyingine nchini Oman alihitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwajiri wake. Bila hiyo alilazimika kuondoka na kukaa nje miaka miwili. Meneja wa kampuni niliyokuwa nayo hakukataa barua yangu, ila hakuitoa, na kazi nzuri niliyokuwa nimeipata ikachukuliwa na mwingine. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021 kwa waliomaliza mikataba yao, na ni mageuzi ya haki. Kabla ya hapo, Januari 2018, serikali ya Oman ilisimamisha viza mpya za wageni kwenye kazi 87, zikiwamo za uhandisi, ili vijana wao waajiriwe. Sina neno juu ya nchi kuwatanguliza wanawe. Ila mhandisi ajue kwamba mlango aliouingia unaweza kufungwa nyuma ya mwenzake, na hata mbele yake mwenyewe.

Saudi Arabia mhandisi mgeni husajiliwa na Baraza la Wahandisi la Saudia, na usajili huo umefungamana na kibali chake cha kukaa. Qatar kuna mtihani. Kokote uendako, vyeti vipitie Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi kabla hujaondoka. Kufanya hivyo ukiwa tayari ugenini, kwa kumtuma shemeji na nakala halisi mkononi, ni hatari kwa vyeti na kwa undugu.

7. "Uzoefu wa hapa" si kisingizio tu

Kwa miaka mingi Ontario iliwataka waombaji wawe na angalau mwaka mmoja wa uzoefu wa Kanada ndani ya ile minne inayotakiwa. Ulikuwa mduara mchungu: bila leseni hupati kazi ya kukupa uzoefu, bila uzoefu hupati leseni. Mei 2023 chombo chao, Professional Engineers Ontario, kiliondoa sharti hilo. Miezi 48 ya uzoefu bado inatakiwa, lakini inaweza kuwa ya Tanga au ya Kigoma. Waliopigania badiliko hilo wamewatendea haki wageni wengi.

Hata hivyo kuna mambo ambayo nisingeyajua bila kuyakuta. Kusini mwa Ontario misingi hushushwa takriban mita 1.2, kwa sababu maji yaliyo kwenye udongo huganda, huvimba na kuinua nyumba. Hakuna aliyenifundisha hilo chuoni, wala hakukuwa na haja. Kwa upande mwingine, wenzangu wa ofisini walistaajabu nilivyojua chumvi inavyokula nondo. Kwao chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, magari huiingiza kwenye maegesho, inapenya zegeni. Mimi nilikua na chumvi ya Bahari ya Hindi, nikaona mihimili bandarini ikipasuka kwa kutu. Kemia ni ileile, na nililisema hilo wazi kwenye usaili.

Chumvi hiyo inaua. Juni 2012 paa la kituo cha maduka mjini Elliot Lake, Ontario, lililokuwa maegesho, liliporomoka na kuua wanawake wawili. Maji yenye chumvi yalikuwa yamevuja miaka mingi na kula kiungo cha chuma. Aliyelikagua jengo miezi michache kabla na kusema liko imara alikuwa amekwisha kufutiwa leseni ya uhandisi. Na sisi hatujasahau Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka likaua watu 36.

Ndiyo maana, pamoja na uchungu wote wa karatasi, sikuona vibaya kukalia mtihani wa maadili na sheria, maswali 110 kwa saa mbili na nusu. Mgeni ana haki ya kudai apimwe kwa usawa na kwa haraka. Kudai asipimwe, hapana. Wanaolala ndani ya nyumba zetu hawana namna ya kutupima wenyewe.

8. Majirani ni njia fupi kuliko tunavyodhani

Si lazima uende Toronto. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na Desemba 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini makubaliano ya kutambuana, Rwanda ikafuata. Mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa Dar anaweza kuomba usajili Nairobi au Kampala bila kurudishwa mwanzo. Ada inalipwa, na kibali cha kazi ni ofisi nyingine na foleni nyingine, lakini elimu yako haihojiwi upya. Nashangaa ni wachache wanaoitumia njia hii.

9. Usiache usajili wa nyumbani ufe

Lipa ada ya mwaka, hata ukiwa mbali. Vyombo vya nje huomba barua kutoka Bodi yako kuthibitisha kwamba uko hai kwenye daftari lake na huna shauri la nidhamu. Barua hiyo ilinifaa Muscat, ikanifaa tena Ontario, na itanifaa nikirudi.

10. Sasa wananipigia mimi

Waliopita wana wajibu wa kujibu simu. Mwezi uliopita alinitafuta binti mmoja wa Mwanza aliyefanya kazi kwenye nguzo za daraja kule ziwani. Anafikiria Australia. Nilimuuliza ana nini mkononi. Ana kumbukumbu za uchimbaji wa nguzo alizozisimamia, picha zenye tarehe, na daftari lake la SEAP lililosainiwa hadi mwisho. Anachokosa ni maelezo ya masomo kutoka chuoni, na barua ya mhandisi mkaazi, ambaye bado yuko nchini kwa sasa. Nimemwambia aanze na barua, Jumatatu asubuhi.